Hita za jua Bonde la Kilombero: Pima joto kwanza, nunua baadaye

SOMO LA WIKI

Kila mpunga unapouzwa katika Bonde la Kilombero, swali la zamani hurudi kwa mfanyabiashara mwenye mtaji mdogo: fedha ziwekwe wapi kabla hazijaliwa na matumizi? Wengine hununua bodaboda, wengine mashine ya kukoboa, wengine huongeza vyumba vya gesti. Katika miaka ya karibuni bidhaa nyingine imeingia katika orodha hiyo, nayo ni hita ya maji inayotumia joto la jua.

Bidhaa hii ina sifa inayomvutia mwekezaji. Jua halitumi ankara. Hita ikishafungwa juu ya paa, gharama za uendeshaji ni ndogo na LUKU haiguswi. Hata hivyo, sifa hiyo ndiyo inayowaingiza wengi katika hasara, kwa sababu mtu hutazama bei ya jua, ambayo ni bure, akasahau bei ya chombo, ambayo si bure hata kidogo.

Somo la wiki hii linahusu jambo moja. Mfumo wa joto la jua hupimwa kwa mteja kama vazi kwa fundi cherehani. Ukinunuliwa kwa ukubwa wa dukani bila kujua ni lita ngapi zinatakiwa, kwa joto gani, saa ngapi, na badala ya kuni au umeme kiasi gani, mtaji hulala juu ya bati. Mfano utachukuliwa Mchombe, jirani na Mngeta, katika ukanda wa reli ya TAZARA kati ya Ifakara na Mlimba. Hali ya hewa na biashara ya eneo hilo zinaonyesha wazi mahali ambapo hesabu hulipa na mahali ambapo hailipi.

Chombo chenyewe kinavyofanya kazi

Ni vema kwanza kutenganisha vitu viwili vinavyochanganywa sokoni. Paneli ya sola ya kuwasha taa hugeuza mwanga kuwa umeme. Hita ya jua haitengenezi umeme. Hukusanya joto na kuliingiza kwenye maji moja kwa moja. Mita moja ya mraba ya kikusanya joto huvuna nishati nyingi zaidi kuliko mita moja ya paneli ya umeme, lakini joto hilo haliwezi kuwasha redio wala kuuzwa kwa jirani kupitia waya.

Aina mbili ndizo zinazoonekana zaidi madukani. Ya kwanza ni ya bamba: sanduku bapa lenye kioo juu, bati jeusi ndani na mabomba yanayopita chini ya bati hilo. Ya pili ni ya mirija ya kioo yenye kuta mbili, ambayo hewa imeondolewa katikati ya kuta ili joto lisitoroke. Ya mirija huvumilia zaidi baridi na mawingu, na mara nyingi bei yake ya kuanzia huwa ya chini. Ya bamba ni ngumu zaidi kuvunjika safarini na huishi vizuri penye joto. Kwa bonde lenye hewa ya moto, faida ya mirija dhidi ya baridi hupungua thamani, na hatari ya kuvunjika barabarani hubaki palepale.

Katika aina zote mbili, mfumo rahisi hauhitaji pampu. Maji yaliyopata moto huwa mepesi, hupanda yenyewe hadi kwenye tangi lililo juu, na ya baridi hushuka kuchukua nafasi yake. Ndiyo maana tangi lazima likae juu ya kikusanya joto, na ndiyo maana hita ya namna hii huendelea kufanya kazi hata umeme ukikatika. Sharti lake ni moja: maji ya baridi yawepo juu zaidi, kwenye simtanki iliyoinuliwa, ili yaingie kwa uzito wake.

Kanuni ya uniti

Mfanyabiashara hahitaji kuwa mhandisi ili afanye hesabu ya joto. Lita moja ya maji ikipandishwa nyuzi moja ya Selsiasi hutumia wati-saa 1.163. Kwa hiyo: lita, mara nyuzi za kupandisha, mara 1.163, gawanya kwa 1,000. Jibu linakuja kwa uniti zilezile zinazosomeka kwenye LUKU.

Maji ya Mchombe, yakitoka kwenye tangi la kawaida, huwa na joto la kama nyuzi 25. Kuyafikisha nyuzi 60 ni kupanda nyuzi 35. Lita 100 zitahitaji uniti 4.07. Hiyo ndiyo namba ya msingi ya somo hili.

Upande wa mapato, Tanzania hupokea jua la kati ya uniti 4 na 7 kwa mita ya mraba kwa siku, kutegemea mahali na msimu. Ukikadiria uniti 5, na hita kuvuna asilimia 45 ya hizo baada ya hasara zote, mita moja ya mraba huleta uniti 2.25 kwa siku. Lita 100 za nyuzi 60 zitahitaji basi eneo la mita za mraba 1.8 hivi. Muuzaji anayedai kwamba mita moja itachemsha lita 200 kwa siku anauza maneno.

Kenya ilipotunga kanuni zake za hita za jua mwaka 2012, iliweka jedwali la mahitaji ya maji moto ya nyuzi 60 ambalo bado ni msaada kwa yeyote anayeanza kupima. Kwa siku, jedwali hilo lilihesabu:

Nyumba ya kuishi: lita 30 kwa mtu
Hoteli na nyumba za wageni: lita 40 kwa kitanda
Hospitali na vituo vya afya: lita 50 kwa kitanda
Shule za bweni na vyuo: lita 5 kwa mwanafunzi
Mgahawa: lita 5 kwa mlo
Dobi: lita 5 kwa kilo ya nguo

Kanuni hizo ziliyahusu majengo yanayotumia zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku, na zilitaka jua litoe angalau asilimia 60 ya mahitaji ya mwaka. Majengo yaliyokuwepo yalipewa miaka mitano kutekeleza. Mwekezaji wa Kilombero hafungwi na kanuni za Kenya, lakini jedwali ni mahali pazuri pa kuanzia. Kosa ni kuishia hapo hapo, kwa sababu linafaa zaidi miji ya nyanda za juu kama Nairobi, ambako maji ya bomba ni ya baridi na mtu huoga maji moto mwaka mzima.

Mfano wa gesti ya vyumba 10

Chukua mfano wa gesti ya kufikirika ya vyumba 10, kitanda kimoja kila chumba, katika soko la Mchombe. Kwa jedwali la Kenya, ingehitaji lita 400 kwa siku. Muuzaji wa hita akija na jedwali hilo atafanya hesabu ifuatayo: lita 400 ni uniti 16.3. Bei ya umeme ya kundi T1 iliyotangazwa na EWURA na kuanza kutumika Aprili 2016 ilikuwa Sh. 292 kwa uniti. Pamoja na VAT ya asilimia 18 na tozo za REA na EWURA, mteja alilipa kama Sh. 356. Uniti 16.3 ni Sh. 5,800 kwa siku, na kwa siku 300 za jua la kutosha ni Sh. 1,740,000 kwa mwaka. Kwa miaka minne ni karibu Sh. milioni 7. Kwa hiyo, atasema, hita ya Sh. milioni 5 ni ya bei poa.

Hesabu hiyo haina kosa la kuzidisha. Kosa lake liko kwenye namba ya kwanza.

Gesti haijai kila siku. Ikiwa wastani wa mwaka ni wageni sita, na kila mmoja anaoga mara mbili kwa lita 30 za maji ya nyuzi 40, maji hayo hayatoki yote kwenye tangi la moto. Huchanganywa. Kwa maji ya baridi ya nyuzi 25 na ya moto ya nyuzi 60, lita 30 za kuoga zinahitaji lita 13 tu za moto. Penye maji ya baridi ya nyuzi 15, kama ilivyo katika maeneo ya baridi ya nyanda za juu, zingehitajika karibu 17. Wageni sita kuoga mara mbili ni lita 156 za moto, yaani uniti 6.35 kwa siku. Kwa bei ileile, akiba ni kama Sh. 2,260 kwa siku, au Sh. 678,000 kwa siku 300.

Hita ya lita 400 ikifungwa pale haitaokoa Sh. 1,740,000. Itaokoa Sh. 678,000 zilezile, kwa sababu hakuna mtu wa kuyatumia maji yaliyobaki. Tofauti ya zaidi ya Sh. milioni moja kwa mwaka ni joto linalopotea usiku kupitia ukuta wa tangi.

Bei ya ukomo

Kutokana na hesabu hiyo, mwenye gesti anaweza kujua kiasi cha juu cha kulipa kabla hajaingia dukani. Akitaka mtaji urudi katika miaka minne, azidishe akiba ya mwaka kwa nne: Sh. 2,712,000. Aondoe matengenezo, tuseme Sh. 60,000 kwa mwaka, yaani Sh. 240,000. Zinabaki Sh. 2,472,000. Hiyo ni bei ya ukomo kwa kila kitu: chombo, usafiri, mabomba, stendi na fundi. Ikizidi hapo, fedha zina kazi nyingine bora.

Ukomo huo hushuka haraka. Ikiwa ni nusu tu ya wageni waliokuwa wakitumia hita ya umeme ya bafuni na wengine huoga maji ya kawaida kwa sababu ya joto la bonde, akiba ya fedha ni nusu, na ukomo unakuwa Sh. 1,116,000. Ikiwa mtaji ni wa mkopo wa Sh. 2,400,000 kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, riba ya mwaka wa kwanza pekee inaweza kufikia Sh. 432,000 na kula karibu theluthi mbili ya akiba yote. Mwenye gesti anayetegemea mkopo apige hesabu ya riba kwanza, ya maji baadaye.

Mpinzani wa jua si umeme peke yake

Hesabu iliyo juu imedhani kwamba hita inachukua nafasi ya umeme. Katika vijiji vya bonde, mara nyingi haichukui. Maji huchemshwa kwenye sufuria nyuma ya nyumba, kwa kuni au mkaa, na mgeni hupelekewa ndoo. Hapo akiba lazima ipimwe kwa gunia, si kwa LUKU.

Kilo moja ya mkaa ina joto la kama uniti 8, lakini jiko la kawaida huingiza kwenye sufuria moja ya tano tu, yaani uniti 1.6. Uniti 6.35 za gesti ni kama kilo 4 za mkaa kwa siku. Mwekezaji aweke bei ya gunia ya mtaa wake, agawanye kwa kilo, ndipo atajua jua linashindana na shilingi ngapi. Penye mkaa wa bei juu, hita hushinda. Penye kuni za kuokota, hita hushindwa kwenye karatasi, hata kama inamwondolea mhudumu moshi na kazi ya alfajiri.

Tena kuna mpinzani mwingine ambaye Kilombero inaye kwa wingi kuliko wilaya nyingi: maganda ya mpunga, ambayo wengi huyaita pumba. Kila mashine ya kukoboa huyarundika. Huchomea matofali, na shamba la Mngeta, lilipokuwa chini ya Kilombero Plantations Limited, liliwahi kufunga mtambo wa kuyageuza kuwa umeme. Mwenye mashine ya kukoboa anayetaka maji moto au mvuke ana joto la karibu bure mlangoni kwake. Mtu wa hita za jua asipoteze nauli kwenda kwake.

Wateja wa kweli ni akina nani?

Kwa kuwa bonde ni la joto, nyumba ya kawaida ya familia si soko kubwa la hita za kuoga. Soko liko kwa mwenye kuhitaji maji moto kila siku, kwa wingi unaojulikana, na ambaye kuyakosa kunamgharimu.

Wa kwanza ni vituo vya afya na zahanati zenye vitanda. Kituo cha vitanda 20, kwa jedwali la Kenya, kinahitaji lita 1,000, sawa na uniti 40.7 kwa siku na vikusanya joto vya mita za mraba 18. Maji hayo ni ya kuogea wazazi, kufulia mashuka na kuoshea vyombo. Ieleweke kwamba maji ya nyuzi 60 hayasafishi vifaa vya upasuaji. Kazi hiyo inahitaji mvuke wa nyuzi 121 ndani ya chombo maalumu cha presha, na muuzaji asiahidi asichokiweza. Aidha, katika vituo vingi akiba haitaonekana kwenye risiti, kwa kuwa maji moto huletwa na ndugu wa mgonjwa kwenye chupa ya chai. Faida ni huduma. Kwa hiyo mlipaji ni halmashauri, shirika la dini au mfadhili, na biashara yake ni ya zabuni yenye malipo ya kusubiri. Mwenye mtaji mdogo asiingie bila malipo ya awali.

Wa pili ni jiko la shule na taasisi. Mwaka 2023 Serikali ilizitaka taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku kuacha kuni na mkaa ifikapo Januari 31, 2024, na zile za zaidi ya 300 ifikapo Januari 31, 2025. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa Mei 2024 uliweka lengo la asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Shule inayohamia gesi hulipia kila nyuzi ya joto. Uji wa wanafunzi 500, nusu lita kila mmoja, ni lita 250. Kuzichemsha kutoka nyuzi 25 hadi 100 ni uniti 21.8. Zikiingia kwenye sufuria zikiwa na nyuzi 60 tayari, uniti 10.2 zimeshalipwa na jua, sawa na asilimia 47. Jua halipiki uji, lakini linapunguza gesi ya kuchemshia karibu nusu. Kwa kuwa uji hupikwa alfajiri, maji ni ya jua la jana. Tangi lenye kuta nene za kuhifadhi joto ndilo la kulipia hapa, kuliko kuongeza ukubwa wa bamba.

Wa tatu ni gesti na mgahawa wenye wageni wa kudumu. Kwa hawa msimu una maana ya pekee. Mavuno ya mpunga huanza Mei, wanunuzi huingia, fedha huzunguka, na Juni na Julai ndiyo miezi ambayo hata bonde hupata asubuhi za ubaridi. Miezi hiyohiyo mvua imekatika na anga ni wazi. Jua, fedha na wageni hufika pamoja. Machi na Aprili, mvua ikiwa nyingi, vyote vitatu hupungua. Mwenye gesti asinunue hita kubwa ili ishinde mawingu ya Aprili wakati vyumba vyake ni vitupu. Anunue ya kumtosha Julai, na siku za mawingu awashe hita ndogo ya umeme iliyo ndani ya tangi.

Joto la kukaushia

Wapo wanaouliza kwa nini joto hilohilo lisikaushe mpunga. Hesabu inajibu. Kilo 100 za mpunga wenye unyevu wa asilimia 22, zikishushwa hadi asilimia 14 inayofaa kukobolea na kuhifadhi, hupoteza kilo 9.3 za maji. Kuyageuza mvuke kunahitaji si chini ya uniti 6.2, karibu sawa na maji ya wageni sita wa gesti kwa siku nzima. Turubai lililotandikwa uani hufanya kazi hiyo bila mtambo. Kikaushio cha jua cha kujengwa kwa ajili ya gunia moja la mpunga ni vigumu kulipa, isipokuwa pale mvua inapokuwa tishio la kuoza.

Kakao ni jambo tofauti, kwa sababu kilo yake ina thamani kubwa zaidi na mnunuzi hulipia ubora. Huko Mbingu, kati ya Ifakara na Mchombe, kampuni ya Kokoa Kamili iliyoanza mwaka 2013 hununua kakao mbichi kwa wakulima wadogo, huivundika na kuikausha juani kwenye meza zilizoinuliwa. Punje lazima ifikie unyevu wa asilimia 7 hadi 8, na ukungu ukiingia, bei huanguka. Penye bidhaa ya namna hiyo, paa la nailoni angavu na meza nzuri zinaweza kurudisha mtaji mapema kuliko hita yoyote. Kanuni ni ileile: thamani ya kilo ndiyo inayolipa joto.

Kufunga: mahali fedha zinapovuja

Hita nzuri ikifungwa vibaya ni hasara kama hita mbovu. Mambo yafuatayo yaandikwe kwenye mkataba wa fundi.

Mwelekeo. Mchombe iko kama nyuzi 8 kusini mwa Ikweta. Kikusanya joto kielekee kaskazini. Mwezi Juni jua la adhuhuri huwa limeinama kaskazini kwa nyuzi 31 kutoka utosini, na Desemba limevuka kusini kwa nyuzi 15. Mwinamo wa nyuzi 15 hadi 20 unafaa: unaikabili Juni, mvua inaosha vumbi, na maji yanapanda bila kusukumwa. Kivuli cha mwembe kati ya saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri kinakata mapato. Kipimwe kabla ya kutoboa bati.

Uzito. Lita 200 za maji ni kilo 200 kabla ya kuhesabu chuma na kioo. Paa la miti na bati jembamba halikujengwa kubeba hivyo. Stendi isimame juu ya ukuta au chini kwenye nguzo zake.

Mabomba. Bomba la PVC la kawaida hulainika kwa maji moto. Linatakiwa la shaba au la plastiki iliyotengenezwa kwa maji moto, lililovikwa sponji la kuhifadhi joto. Bomba la milimita 15 hushika karibu lita 0.18 kwa kila mita. Bafu likiwa mita 20 kutoka kwenye tangi, mgeni humwaga lita 3.5 kabla ya kuona moto, na kila akifunga, kiasi hichohicho hupoa tena. Tangi liwe karibu na mabafu.

Usalama. Hita isiyotumiwa siku mbili za jua kali huchemka. Lazima iwe na bomba la kutolea hewa au vali ya kupunguza presha. Maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi ya mtoto kwa sekunde chache, hivyo penye watoto na wagonjwa ifungwe vali ya kuchanganya.

Maji yenyewe. Kisima kirefu chenye chumvi hujenga ukoko ndani ya mabomba na mirija. Maji yapimwe kwanza. Yakiwa magumu, utunzaji wa kila mwaka uingizwe katika bei, pamoja na kubadilisha fimbo ya magnesiamu inayolinda tangi dhidi ya kutu.

Fundisho kutoka nje

Nchi zilizotangulia zimeacha mafunzo ambayo mfanyabiashara anaweza kuyapata bila kulipa. Afrika Kusini ilijiwekea lengo la hita milioni moja. Baadaye, kwa miaka kadhaa baada ya 2015, zaidi ya hita 80,000 zilizonunuliwa na Serikali zilikaa maghalani zikilipiwa pango, kwa kuwa nyumba za kufungia hazikuwa zimekaguliwa wala mafundi kupangwa. Bidhaa ilitangulia vipimo.

Tunisia ilianza mwaka 2005 kwa njia nyingine. Chini ya mpango wa PROSOL, mteja alipata ruzuku ya asilimia 20, na sehemu kubwa ya bei iliyobaki ikawa mkopo wa miaka mitano uliolipwa kidogo kidogo kupitia ankara ya shirika la umeme, STEG. Benki haikuwa na hofu, kwa sababu asiyelipa angeweza kukatiwa umeme. Kilichouza hita pale ni ratiba ya malipo inayolingana na akiba.

Katika Kilombero ratiba hiyo haiwezi kuwa ya kila mwezi. Fedha za mpunga huja kwa msimu. Mfungaji anayekubali theluthi wakati wa kufunga na zilizobaki katika mavuno mawili atapata wateja ambao mwenye duka la taslimu hatawaona. Lakini awe na mtaji wa kusubiri, na mkataba wa maandishi unaosema chombo ni chake hadi shilingi ya mwisho.

Kwa anayetaka kuingia

Biashara hii ina milango miwili. Mmoja ni kuuza masanduku. Faida yake inaonekana haraka, lakini mtaji hulala dukani, kioo huvunjika njiani kutoka Dar es Salaam, na misamaha ya kodi kwa vifaa vya jua hubadilika na Sheria ya Fedha ya kila mwaka. Anayeagiza aulize TRA kabla ya kupanga bei, na ahifadhi jibu.

Mlango wa pili ni kupima, kusanifu na kufunga. Unahitaji themomita, futi kamba, ndoo yenye alama za lita, daftari, na fundi bomba anayeaminika. Mpimaji hukaa na mteja wiki moja, akiandika lita zinazotumika kila siku na kuni au uniti zinazoungua. Kisha hununua chombo kimoja kwa ajili ya mteja huyo mmoja, kwa fedha ya awali ya mteja mwenyewe. Hana ghala na hana mtaji uliolala. Anachouza ni hesabu sahihi, na hita huja baada yake.

Kwa soko la ukubwa wa Mchombe, mlango wa pili ndio wenye hatari ndogo. Vituo vya afya, majiko ya shule na gesti za eneo hilo vinaweza kuhesabiwa kwa vidole vya watu wachache, na mfumo mmoja ulioshindwa husimuliwa gulioni kwa miaka. Mfumo uliofungwa kwa kipimo sahihi nao husimuliwa. Mwekezaji mwenye fedha za mpunga mkononi msimu huu aanze na daftari. Namba zikikubali, jua litakuwepo mwezi ujao. Zikikataa, atakuwa amepoteza wiki moja na si akiba ya mavuno mawili.